Sura ya Nne: Ukoo Usiozeeka

Siku ya Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa Novemba, mwaka wa elfu mbili na ishirini na tatu, mtoto aliyekwisha kufa alionekana tena katika maabara ya mkoa. Hakuonekana kwa sura wala hakusikika kwa sauti. Alionekana kwa herufi.

Aliyemwona wa kwanza alikuwa msomaji wa vinasaba, mwanamume mrefu, mpole, ambaye wenzake walimbandika jina la Bwana Herufi kwa sababu kutwa nzima kazi yake ilikuwa kusoma mamilioni ya herufi zinazobeba urithi wa vijidudu. Alipoona alichokiona, hakumwita mkubwa wake wa kazi. Alimpigia simu mpelelezi wa magonjwa, mwanamke ambaye hospitali zote za mkoa zilimjua kwa jina la Inspekta, ingawa hakuwa askari na hakupata kushika bunduki maishani mwake. Kilichompatia jina hilo ni maswali.

"Njoo, dada," alisema Bwana Herufi. "Njoo ukiwa umekaa."

"Nitakujaje nikiwa nimekaa?"

"Basi ukifika, kaa kabla hujaniuliza kitu."

Inspekta alikuwa na kisa kimoja tu mkononi, nacho kilikuwa kimemkaba koo. Katika wodi ya watoto njiti ya hospitali kuu, wale waliozaliwa kabla ya miezi yao kutimia, watoto sita walikuwa wameugua maambukizi ya damu, mmoja baada ya mwingine. Wawili walikwisha kuzikwa. Mganga Mkuu wa hospitali alikuwa ametangaza kwamba, ikiwa chanzo hakitajulikana kufikia saa kumi alasiri ya siku hiyo, wodi itafungwa na watoto wote watasafirishwa hadi hospitali ya mji mwingine. Miongoni mwa watoto ambao bado hawakuguswa alikuwamo msichana mdogo mno, ambaye wauguzi walimwita Punje. Daktari wa watoto alikuwa amesema bila kumung'unya maneno: Punje hawezi kustahimili safari ya barabara. Kumhamisha ni kumuua. Na kumwacha alale karibu na chanzo kisichojulikana huenda nako kukawa kumuua.

Basi Inspekta alifika maabara, akavuta kiti, akakaa.

Juu ya kioo cha kompyuta palikuwa na mchoro uliofanana na mti uliopigwa picha kutoka angani, matawi yakitawanyika pande zote kutoka kwenye kitovu kimoja.

"Nianze na unayoyajua," alisema Bwana Herufi. "Kijidudu kinapozaana hunakili herufi zake, na katika kunakili hukosea hapa na pale. Kosa hilo hurithiwa. Ukilinganisha makosa, unajua nani ni mtoto wa nani, nani ni binamu, na nani ni mgeni kabisa. Ndivyo tunavyovipanga katika koo."

"Na hawa sita?"

"Ukoo mmoja. Hilo nilikwambia wiki iliyopita. La leo ni jingine. Mtoto mmoja akimwambukiza mwenzake, huyu wa pili hurithi makosa ya wa kwanza, kisha huongeza la kwake. Unapata bibi, mama, mjukuu. Hapa nimetafuta mjukuu hadi macho yameniuma. Hayupo. Kila mmoja ana kosa lake moja, au hana kabisa, na hakuna aliyerithi kosa la mwenzake."

Inspekta alisogeza kiti. "Yaani hawakuambukizana."

"Hawakuambukizana. Ni watoto sita wa mama mmoja. Wote wamechota kisima kimoja."

"Kisima kiko wapi?"

Bwana Herufi aligeukia kompyuta. Alibonyeza kitufe, na katikati ya mchoro ule, pale matawi yote yalipokutana, ikajitokeza nukta nyeusi.

"Huyu hapa katikati si mmoja wa sita. Ni sampuli ya zamani tuliyoitunza kwa ajili ya ulinganisho. Ilitoka kwa mtoto njiti wa hospitali hiyo hiyo, katika wodi ile iliyobomolewa. Alifariki miaka mitatu iliyopita."

Inspekta aliinama kuitazama nukta ile kwa karibu.

"Miaka mitatu, dada. Kijidudu kinachoishi, kinachokula na kuzaana kwa miaka mitatu, hujaa makosa mapya. Hiki hakijazeeka hata siku moja. Ni sawa na kukutana barabarani na mtoto uliyesoma naye darasa la kwanza, naye bado yuko darasa la kwanza, na sare ile ile, na begi lile lile, wakati mazishi yake ulihudhuria."

Feni ya darini ilizunguka polepole juu yao.

"Umekosea wewe," hatimaye alisema Inspekta. Hakusema kwa ukali. Ndivyo alivyozoea kuanza. "Sampuli ya zamani iko humu humu kwenu. Tone limeruka, limechafua za sasa."

"Ndilo nililoliwaza mimi kwanza, na nilitamani liwe hilo. Nikaomba damu mpya ya watoto wawili, nikaipeleka chuo kikuu. Chumba kingine, mashine nyingine, mikono mingine. Wao hawajawahi hata kuiona sampuli yetu ya zamani. Jibu limerudi asubuhi hii. Ni lile lile."

"Basi kimekuwa kimelala."

"Kimelala wapi? Wapi mtu hulala miaka mitatu bila hata kujigeuza?"

"Mahali pakavu sana," alisema Inspekta, akiinuka na kuchukua mkoba wake, "au mahali penye baridi sana. Acha simu yako iwe wazi. Leo sitaki kusikia kwamba chaji iliisha."

*

Wodi ya zamani haikuwepo tena. Pale iliposimama palikuwa pamesakafiwa, magari ya madaktari yakiegeshwa juu yake katika mistari myeupe. Inspekta alipita hapo kwa miguu. Jua lilikuwa kali, lakini alijikuta anatembea haraka kuliko alivyokusudia.

Wodi mpya ilinukia rangi na dawa ya sakafu. Mganga Mkuu alimngojea mlangoni, mikono nyuma. Alikuwa mtu wa kuhamishwahamishwa. Hapo alikuwa na mwaka mmoja tu.

"Inspekta! Umekuja na pingu?"

"Pingu za vijidudu bado hazijatengenezwa, Mheshimiwa."

"Basi tumia za watu." Alishusha sauti. "Nimesikia kutoka maabara habari ya miaka mitatu. Angalia wodi hii. Vitanda vipya. Mashine za joto mpya. Magodoro, mapazia, mabomba, vyote vipya, nilivipokea mwenyewe. Kitu kimoja tu kimetoka katika wodi ya zamani, nacho kina miguu miwili."

Alielekeza kidevu upande wa ndani. Mwanamke mnene, wa makamo, aliyevaa sare iliyopigwa pasi ikasimama, alikuwa ameinamia mashine mojawapo ya joto, mkono wake ukipita kwenye tundu la pembeni kumgeuza mtoto. Alikuwa muuguzi kiongozi. Alikaa na watoto njiti miaka mingi hata jina lake la kuzaliwa likapotea. Kila mtu alimwita Mama Wodi.

"Ndiye anayewawekea mirija ya kulishia," aliendelea Mganga Mkuu. "Ndiye aliyekuwepo wakati ule. Leo kabla ya saa kumi atamwaga unga."

"Mikono ya wauguzi wote tuliipangusa kwa vijiti vya pamba na kuipima wiki iliyopita," alisema Inspekta. "Mama Wodi ana vijidudu, kama wewe na mimi. Ni vya ukoo mwingine kabisa, hata undugu wa mbali havina. Halafu, mkono wa mtu una joto. Kwenye joto kijidudu kinaamka, kinakula, kinazaa, kinabadilika. Hiki hakijabadilika. Simtafuti mtu, Mheshimiwa. Natafuta kitu kilicholala."

"Kitafute kabla ya saa kumi. Magari ya wagonjwa nimekwisha kuyaagiza."

Inspekta alianza na pakavu. Alipekua juu ya makabati, nyuma ya feni, ndani ya masanduku ya kadibodi yaliyokuwa bado na gundi mbichi. Alipangusa, akaziba vijiti vyake vya pamba katika vichupa, akaandika. Kila kitu kilikuwa kipya, kama alivyoambiwa. Kisha akageukia penye baridi: jokofu la dawa, jokofu la damu. Yote mawili yalikuwa yamenunuliwa pamoja na jengo, nayo yalikuwa safi hata pembeni mwa mpira wa mlango.

Katika benchi la kina mama, nje ya mlango wa kioo, aliketi mwanamke kijana aliyejifunika kanga mabegani, akikamua maziwa ndani ya kikombe kidogo. Alikuwa mama yake Punje. Hakuinua uso.

"Shoga, nikae hapa?" aliuliza Inspekta.

"Kaa, dada. Kiti hiki si cha baba yangu."

Inspekta alikaa. Mama Punje aliendelea na kazi yake, matone yakilia chini ya kikombe.

"Ni kweli mnataka kumpeleka safari?"

"Mimi sitaki."

"Wanasema ni huyo mtoto," alisema Mama Punje, sauti yake ikiwa karibu na mnong'ono. "Yule aliyefia wodi ya zamani. Kina mama wote wanajua. Wanasema anarudi kutafuta wenzake wa kucheza nao."

Inspekta alifungua kinywa amjibu kwamba hayo ni porojo, kisha akakifunga. Asubuhi ile ile mtu mwenye shahada tatu alikuwa amemwambia jambo lisilokuwa mbali sana na hilo.

"Anawatafutaje?" aliuliza badala yake. "Anachukua yeyote tu?"

"Hapana, anachagua. Wale wanaonyonya wenyewe hawagusi. Huyo wa pale dirishani ananyonya, mzima. Mapacha wananyonya, wazima. Huchukua wale wanaolishwa kwa mrija, wasioweza hata kulia vizuri." Mikono yake ilisita. "Wangu analishwa kwa mrija."

Inspekta aliinuka bila kuaga.

Mirija ilifika ikiwa imefungwa kiwandani, mmoja mmoja, na kila mtoto alikuwa na wake. Alikwisha kuipima na kukuta safi. Hivyo haukuwa mrija. Kilikuwa ni kile kinachopita ndani ya mrija. Lakini kila mtoto alikunywa maziwa ya mama yake mwenyewe, na kina mama hao walitoka mitaa mbalimbali, hawakujuana. Maziwa yao yalikutana wapi?

*

Chumba cha maziwa kilikuwa mwisho wa ukumbi, chembamba, hakina dirisha. Humo mlikuwa na meza ya chuma, bakuli za kupashia, na friza nyeupe, ndefu kuliko mtu. Friza ilinguruma, ikatetemeka, ikanyamaza ghafla, kama mtu aliyeshikwa na pumzi usingizini. Kisha ikaanza tena. Inspekta alikuwa bado hajagusa mpini wake aliposikia hatua nyuma yake.

Mama Wodi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameziba mwanga wote wa ukumbi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini humu?"

"Friza hii ni mpya?"

"Ni mpya. Ilikuja na jengo."

"Umeme ukikatika, jenereta inaibeba?"

"Jenereta inabeba mashine za joto na taa. Hiki chumba walikisahau. Lakini haikuwahi kukaa muda mrefu bila umeme, mpaka lile transfoma lilipolipuka mwezi uliopita. Siku hiyo tulikaa bila umeme tangu asubuhi hadi jioni."

"Na mtoto wa kwanza aliugua lini?"

Wote wawili walijua. Ilikuwa siku chache tu baada ya transfoma kulipuka.

Inspekta alifungua mlango wa friza. Mvuke mweupe ulimwagika miguuni pake. Katika rafu ya kati zilipangwa chupa ndogo za maziwa, kila moja na plasta yenye jina la mtoto. Rafu ya juu ilikuwa na trei tupu. Aliivuta trei. Nyuma yake, ukutani kabisa, mlikuwa na kisanduku cha plastiki inayopitisha nuru, kilichofungwa kwa kitambaa cheupe, fundo lake likiwa limeganda barafu.

"Hiki ni cha nani?"

"Cha mama mmoja."

"Yuko wodini?"

"Hayuko."

"Mtoto wake je?"

"Hayuko."

Inspekta aligeuka kumtazama. Uso wa Mama Wodi ulikuwa mtulivu mno.

"Tangu lini, Mama?"

"Wodi hii ina utaratibu wake," alisema Mama Wodi, akizungumza polepole kama anayewasomea wanafunzi. "Niliukuta, nami nikaulinda. Mtoto akifariki, maziwa yake hayamwagwi na muuguzi. Humwagwa na mama aliyeyakamua, kwa mkono wake, siku atakayokuwa tayari. Wapo wanaokuja siku ile ile. Wapo wanaokuja baada ya arobaini. Tunamfungulia mlango, tunampa chupa zake, tunamwacha peke yake kwenye sinki. Akitoka, hatumwulizi kitu. Usiucheke utaratibu huo. Nimeona kina mama wakiingia humu wakiwa maiti na kutoka wakiwa watu."

"Siucheki. Na huyu?"

"Huyu hakuja."

"Kwa miaka mitatu?"

"Nani ampangie mtu muda wa kulia?"

"Kisanduku kilikuwa katika wodi ya zamani."

"Nilikibeba mwenyewe siku tuliyohama. Nilikipakata."

Inspekta alivaa glavu mpya. Alimulika taa ya simu chini ya rafu ya juu. Chupa mojawapo ndani ya kisanduku ilikuwa imepasuka. Maziwa yakiganda hufura, na plastiki ya zamani huchoka. Siku ile umeme ulipokatika, barafu ililainika, maziwa yakachuruzika kupitia kona ya kisanduku, yakashuka kati ya vyuma vya rafu. Umeme uliporudi, yakaganda upya papo hapo yalipokuwa. Na kila umeme ulipokatika tena, hata kwa saa moja tu, yalitiririka kidogo zaidi.

Kutoka rafu ya juu kilikuwa kimening'inia kidole chembamba cha barafu ya manjano, kimenyooka, kikielekeza chini. Chini ya ncha yake, kwenye rafu ya kati, palikuwa na vifuniko kadhaa vilivyotapakaa matone yaliyoganda, madogo kama vichwa vya pini.

Inspekta alisoma plasta za chupa hizo. Moja ilikuwa ya mtoto aliyezikwa Ijumaa. Nyingine ya mtoto aliyezikwa kabla yake. Nne za wale waliokuwa wamelazwa wakiungua homa. Na mahali hasa palipogusana na ncha ya kidole kile palikuwa patupu, duara safi katikati ya barafu, kama chupa imeondolewa muda si mrefu.

"Hapa palikuwa na chupa ya nani?"

Mama Wodi aliinamisha uso kutazama. Utulivu ule ukamtoka wote.

"Ya Punje," alisema. "Inapashwa moto. Ni zamu yake ya kula."

Inspekta hakukumbuka baadaye jinsi alivyopita ukumbi. Alikumbuka tu glavu zake zikiteleza kwenye mpini wa mlango wa kioo. Ndani, muuguzi kijana alikuwa amesimama kando ya mashine ya joto ya Punje, bomba la sindano lisilokuwa na sindano mkononi, maziwa ndani yake, ncha yake ikiwa imekwisha kuunganishwa na mrija. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya kisukumio.

"Acha!"

Muuguzi aliruka. "Jamani! Utaniua kwa presha!"

"Umesukuma?"

"Bado. Nilikuwa nangoja apumue vizuri."

"Ondoa. Usimwage. Nipe mimi."

Punje alilala na kofia iliyomzidi kichwa, kifua chake kikipanda na kushuka kama cha kifaranga. Inspekta aliliziba bomba, akaliweka ndani ya mfuko. Kwenye kaunta, ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, chupa ya Punje ilielea ikiwa imezama hadi shingoni. Kifuniko chake kilikuwa kimeoga katika maji yale yale. Tone lililoganda juu yake lilikuwa limeyeyuka, likaingia katika mkunjo wa kifuniko, likangoja mtu afungue. Ndivyo kila chupa ilivyopita. Maziwa ya mama mzima, mkono safi wa muuguzi, mrija mpya, na tone moja lililolala miaka mitatu.

*

Mganga Mkuu alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Una uhakika?"

"Uhakika ataupata Bwana Herufi. Mimi nina sababu. Watoto hawakuambukizana, kwa hiyo kuwahamisha hakumkingi yeyote dhidi ya mwenzake. Chanzo kiko kwenye friza, si kwenye wodi. Izime, izibe, kila mtoto apewe maziwa yaliyokamuliwa saa ile ile. Punje abaki alipo. Ukimpakia garini kwa safari ile ya barabara, utakuwa unamkimbiza kutoka mahali ambapo hatari imekwisha kuondolewa."

Mganga Mkuu alitazama saa ya ukutani, kisha akatoa simu yake na kuyarudisha magari ya wagonjwa.

"Na yeye?" aliuliza, bila kutaja jina.

"Bado namhoji."

Mama Wodi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha maziwa, magoti yamebanana, friza imezimwa mbele yake. Bila ule mngurumo chumba kilikuwa kimya kupita kiasi. Alikuwa amevua beji yake na kuiweka juu ya meza ya chuma, hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

"Mama," alisema Inspekta, "sikukuuliza swali moja. Kina mama wengine wasiorudi, huwa unawafanyaje?"

"Nawatafuta. Nawapigia simu. Mwaka ukipita, namwomba ndugu yake aje kwa niaba yake."

"Huyu hukumtafuta."

"Sikumtafuta."

"Kwa nini?"

Mama Wodi alitazama mikono yake. "Kwa sababu simu hiyo, mwanangu, ingenilazimu kumtaja mtoto. Ni binti yangu. Aliyekufa ni mjukuu wangu, wa kwanza na wa pekee. Nilimhudumia hapa hapa kwa mikono hii. Binti yangu alihama mji mwezi ule ule. Tunaongea kila Jumapili. Tunaongea bei za vitu, tunaongea mvua. Mtoto hatujamtaja hata siku moja. Nikasema moyoni, siku atakayoyataka maziwa yake, atayakuta."

"Mpigie."

"Nitampigia herufi zikisema. Kama ni uongo, sitaki nimfukue bure."

Herufi zilisema siku ya Jumamosi. Bwana Herufi alisoma maziwa ya chupa iliyopasuka, akasoma barafu ya kile kidole, akasoma maziwa yaliyobaki ndani ya bomba la Punje. Vyote vilikuwa nukta ile nyeusi ya katikati, bila kosa hata moja. Katika maabara, alisema, hakupata kuona kitu kisichobadilika namna hiyo, na asingependa kukiona tena. Kufikia siku hiyo hakuna mtoto mwingine aliyekuwa ameugua. Punje alikuwa ameongezeka uzito, kidogo sana, lakini wauguzi walimpima mara mbili wapate kufurahi mara mbili.

Inspekta alimpelekea Mama Wodi habari hizo nyumbani kwake, alikokuwa akisubiri uamuzi wa kazi yake. Mama Wodi alizisikiliza akiwa amesimama. Kisha akabonyeza namba, akailaza simu mezani na kufungua sauti.

"Mama? Leo si Jumapili. Kuna nini?"

"Mwanangu," alisema Mama Wodi, "nataka kukuomba ruhusa. Maziwa ya mtoto. Nataka uniruhusu niyamwage."

Nje ya dirisha mtu alikuwa akifagia uani, fyuu, fyuu.

"Mama," ilisema sauti ya binti yake, polepole, kama ya mtu anayeamshwa, "bado yapo? Mimi nilijua uliyamwaga siku ile ile. Miaka yote hii nimeshindwa kukusamehe kwamba uliyamwaga bila kuniita."

Wewe uliyefika mpaka hapa, huenda katika nyumba yako au kazini kwako kimo kitu ambacho kila mmoja anaamini mwenzake alikwisha kukiondoa, na hakuna anayethubutu kuuliza. Usiifungie sura hii kabatini. Mpe jirani, mpe muuguzi, mpe mama na binti wasiotaja jambo. Na kama unayempa hajui kusoma, kaa naye umsomee.